Nani Huamua Barabara Inapofungwa? Mpango Mkakati na Utamaduni wa Mashirika ya Masisi na Walikale

Mashirika yenye wito, yaani yale yaliyoundwa ili kutimiza lengo la kijamii, la kidini au la kibinadamu badala ya kutafuta faida, yanabeba sehemu kubwa ya huduma za afya, elimu, kilimo na usuluhishi katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadhi yake ni makanisa na idara zake, kama Caritas ya Jimbo Katoliki la Goma na kanisa la Kibaptisti la CBCA. Mengine ni vyama vya wakulima na wafugaji, vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, kamati za maendeleo za maeneo ya afya, na mashirika ya kutetea haki ambayo ofisi zake kuu ziko mjini Goma. Mengi kati ya hayo, yakishakua, hutakiwa na wafadhili au na wanachama wake kuwa na mpango mkakati, yaani andiko linaloeleza shirika liko wapi, linataka kufika wapi katika miaka mitatu hadi mitano, na litapitia njia gani. Sambamba na andiko hilo huzungumzwa mabadiliko ya utamaduni wa shirika, ambapo utamaduni maana yake ni mazoea ya kuamua, kugawana madaraka, kusema ukweli na kunyamaza, ambayo wahusika wameishi nayo muda mrefu kiasi kwamba hawayaoni tena.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba, Masisi na Walikale, mambo hayo mawili ni swali moja. Mpango unafaa pale unapoonyesha nani ataamua nini siku ambayo barabara ya Sake, inayotoka Goma kwenda Masisi, imefungwa, simu hazipatikani na mkurugenzi hayupo. Jibu la swali hilo halipatikani kwa semina ya siku tatu, kwa sababu limefungamana na mazoea ya shirika, historia ya ardhi na mashaka ya jamii moja juu ya nyingine. Mwezeshaji, yaani mtu anayeongoza mjadala bila kuwa na kura ndani yake, ana kazi ya kulifanya swali hilo lijadiliwe waziwazi na wote linaowahusu.

Ardhi, jamii na barabara

Masisi ina takriban kilomita za mraba 4,734 za milima yenye malisho na mashamba, na imegawanyika katika maeneo ya kimila ya Bahunde na Bashali pamoja na sekta za Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale, yenye kilomita za mraba 23,475, ndiyo wilaya kubwa kuliko zote mkoani. Sehemu yake kubwa ni misitu, nayo ina sekta mbili, Bakano na Wanianga. Wahunde, Wanyanga, Wakano, Watembo, Wahutu na Watutsi wanaishi katika wilaya hizi mbili kwa uhusiano ambao haueleweki bila kutazama namna ardhi ilivyogawanywa. Kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, hasa Gishari, ili kupata nguvukazi na kupunguza msongamano kule walikotoka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola na kuahidi kwamba haki juu ya ardhi ya kimila zingepangwa kwa amri ya rais. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo kadhaa, na katika pengo hilo wenye uwezo walijipatia hati za mashamba makubwa ya ng'ombe. Uraia wa watu wenye asili ya Rwanda nao ulitolewa kwa sheria ya mwaka 1972, kisha ukaondolewa kwa sheria ya mwaka 1981. Mnamo Machi 1993 mauaji yaliyoanzia katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yalienea hadi Masisi na kuangamiza maelfu ya watu.

Historia hii huingia ndani ya mashirika kupitia milango ya kawaida kabisa, yaani ajira, uanachama na uchaguzi wa vijiji vya mradi. Shirika ambalo waanzilishi wake wote ni wa jamii moja linaweza kuwa na nia njema isiyo na doa, lakini mkulima wa kijiji jirani hulihukumu kwa majina yaliyo kwenye orodha ya waajiriwa na kwa milima ambako mbegu zake zimefika. Vilevile mradi wa kilimo unaopanda kahawa au miti katika shamba lenye mgogoro wa hati unachagua upande, hata kama hati ya mradi haikutaja mgogoro huo popote.

Kizuizi kingine ni kutokuwa na uhakika wa njia na wa mamlaka. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011, na kaya za Walikale zilizotegemea bati la mgodi wa Bisie kulipia karo na matibabu zilikosa kipato kwa amri moja. Rubaya, kitovu cha koltani wilayani Masisi, ilitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Masisi-kati ilifuata mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale-kati ilishikwa mwezi Machi kabla ya waasi kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki za mji zikafunga milango, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zilibomolewa mwezi Februari, hata familia nyingi zikarudi Masisi ndani ya siku chache. Shirika lililokuwa limepanga mwaka mzima wa kazi katika kambi hizo lilijikuta na mpango usio na watu, na watu wasio na mpango.

Zana na mahali zilikotoka

Zana zinazotumika katika semina za kupanga zina historia yake, na mwezeshaji anayeijua huzitumia kwa uangalifu zaidi. Jedwali la mantiki, ambalo wafanyakazi wa Goma huliita kadre lojiki, lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, lililotaka kujua kama fedha zake zinaleta matokeo yaliyoahidiwa. Shirika la Ushirikiano wa Kiufundi la Ujerumani lililiboresha katika miaka ya 1980 kwa kuongeza mikutano ya wadau na mti wa matatizo, mchoro ambao mizizi yake ni visababishi na matawi yake ni athari. Uchunguzi wa nguvu, udhaifu, fursa na vitisho ulitoka katika ulimwengu wa biashara wa Marekani. Zana hizi zina faida ya kulazimisha watu waseme wazi kile wanachotaka, lakini zote zinachukulia kwamba kuna kituo kimoja cha uamuzi na kwamba mazingira yatatulia kwa muda wa kutosha ili kisababishi kizae athari.

Henry Mintzberg, mtaalamu wa Kanada, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba kupanga na kufikiri kimkakati ni kazi mbili tofauti. Kupanga ni kuvunja lengo katika hatua na kuzigawia tarehe. Kufikiri kimkakati ni kuunganisha mambo yaliyotawanyika hadi picha mpya ionekane, na mara nyingi mkakati wa kweli hujengeka polepole kutokana na maamuzi madogo ya watu walio karibu na kazi. Maelezo haya yanafaa sana Walikale, ambako muuguzi wa kituo cha afya, mchungaji wa parokia na mweka hazina wa kikundi cha akiba hulazimika kuamua kila wiki bila kusubiri ofisi kuu. Mkakati wa shirika umo tayari katika maamuzi yao, ingawa haujaandikwa, na upangaji unaoanzia Goma bila kuwauliza hutupa maarifa hayo.

Lugha huzidisha umbali huo. Andiko huwa kwa Kifaransa, kwa sababu mfadhili na serikali hulisoma kwa Kifaransa. Mjadala wa ofisini huchanganya Kifaransa na Kiswahili. Vijijini watu huzungumza Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili. Kamati ya kijiji inayopokea muhtasari wa kurasa mbili kwa lugha ambayo wanachama wachache tu wanaisoma haiwezi kuudai utekelezaji wake wala kuukosoa.

Utamaduni ulio nyuma ya katiba

Edgar Schein, aliyeandika mwaka 1985 kitabu kilichoweka msingi wa elimu hii, aligawa utamaduni wa taasisi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni mambo yanayoonekana, kama majengo, magari, taratibu na sherehe. Ya pili ni maadili yanayotangazwa, kama yale yanayobandikwa ukutani na kuandikwa katika katiba. Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni dhana za msingi ambazo watu hawazijadili kwa sababu wanaziona kuwa ndivyo dunia ilivyo. Mabadiliko yanayogusa ngazi mbili za kwanza pekee hayadumu, kwa kuwa ngazi ya tatu huyarudisha mambo yalikokuwa.

Sheria ya Kongo ya Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inataka shirika liwe na mkutano mkuu wa wanachama na vyombo vya uongozi na udhibiti, na karibu kila shirika lililosajiliwa lina karatasi zinazoonyesha vyombo hivyo. Hiyo ni ngazi ya pili. Katika ngazi ya tatu mara nyingi hukaa dhana nyingine: kwamba shirika ni la aliyelianzisha, kwamba mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, kwamba habari mbaya hupelekwa kwa mfadhili ikiwa imelainishwa, maana anaweza kuondoka, kwamba fedha za mradi ni fursa ambayo ndugu hawezi kunyimwa, kwamba mtu wa jamii nyingine huajiriwa kwa ajili ya picha lakini haaminiwi na funguo. Kuziita dhana hizi rushwa au ujinga ni kuzielewa vibaya, kwa kuwa kila moja ina akili yake. Heshima kwa mkubwa imelinda amani ya nyumba nyingi, kusaidia ndugu ndiyo bima pekee ya familia zilizokimbia mara nne au tano, na ukimya umeokoa maisha ya watu wengi mbele ya wenye silaha.

Kwa hiyo mabadiliko ya utamaduni yanaanza kwa kuuliza kila zoea linalinda nini, kisha kutafuta namna nyingine ya kulinda kitu hichohicho kwa madhara madogo zaidi. Ikiwa upendeleo wa ndugu katika ajira unaziba pengo la bima, mfuko wa dharura wa wafanyakazi wenye masharti yanayojulikana na wote unaweza kupunguza shinikizo hilo kuliko kanuni ya maadili inayosainiwa kila Januari. Ikiwa watu hawamkosoi mkurugenzi hadharani kwa sababu ya heshima, njia inayokubalika kimila, kama kumtuma mzee au mshauri anayeaminiwa na pande zote, inaweza kuingizwa rasmi katika taratibu za shirika.

Funzo la Barza

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi katika mkoa huu ni Barza ya Jamii Mbalimbali za Kivu Kaskazini, iliyoundwa mwaka 1998 chini ya gavana Kanyamuhanga Gafundi. Ilikusanya wazee na viongozi wa jamii tisa, yaani Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wakusu, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi, ili kutafuta suluhu ya migogoro kati ya jamii, hasa ya ardhi, kabla haijageuka kuwa vita. Katika miaka yake ya mwanzo ilisuluhisha migogoro mingi na kuchangia kuzuia machafuko ya kikabila yaliyoiandama Masisi na Walikale baada ya 1993. Nguvu yake ilitokana na mambo mawili: uwakilishi ambao kila jamii iliutambua kuwa wake, na utamaduni wa baraza ambao wazee waliufahamu tangu zamani, wa kusikiliza kila upande hadi mwisho na kutafuta makubaliano badala ya kura.

Mwaka 2005, wakati taifa likijiandaa kwa katiba mpya na uchaguzi, Barza ilisambaratika. Migawanyiko ya siasa za mkoa ilipenya hadi katika viti vyake, na wawakilishi wakaonekana kuzungumza kwa ajili ya wanasiasa wa jamii zao kuliko kwa ajili ya kazi waliyoitiwa. Kwa mtazamo wa upangaji, Barza ilikuwa na wito ulio wazi na njia iliyothibitika. Kilichokosekana kilikuwa kinga dhidi ya mamlaka iliyoilea, utaratibu wa kubadilisha wawakilishi, na mizizi ya kudumu katika vijiji ambayo ingeendelea kusuluhisha hata kama viti vya Goma vingetetereka. Kila nguvu yake ilibeba hatari yake: uwakilishi wa kikabila ulioipa uhalali ndio uliogeuka mlango wa kuigawa. Shirika lolote la Masisi linalopanga leo linafaa kujiuliza ni kipi kati ya vinavyolipa nguvu ndicho kitakacholigawa siasa zikibadilika.

Kazi ya mwezeshaji

Afrika Mashariki ina urithi wake wa uwezeshaji. Katika miaka ya 1970, nchini Kenya, Anne Hope na Sally Timmel walilea ndani ya Kanisa Katoliki mpango wa mafunzo ulioyapokea mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, kwamba mtu wa kawaida anayo maarifa ya maisha yake na elimu ya kweli humsaidia kuyachambua na kutenda. Njia hiyo huanza kwa kusikiliza kile ambacho watu wanakizungumzia kwa uchungu au kwa tumaini, kabla ya kuandaa ajenda yoyote. Kwa shirika la Masisi, maana yake ni wiki kadhaa za mazungumzo kabla ya semina, wanawake peke yao, vijana peke yao, wafanyakazi wa chini bila wakuu wao, na wanakijiji waliokosa msaada pamoja na waliopata.

Hatua inayofuata ni kuchora pamoja ramani ya maamuzi, inayoonyesha kwa kila jambo muhimu nani huamua kwa mujibu wa katiba, nani huamua kwa kweli, na nani angepaswa kuamua mawasiliano yakikatika. Tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili ndiyo utamaduni wa shirika ukionekana kwa macho. Jibu la tatu ndilo mwanzo wa mkakati. Baada ya hapo huja mandhari za wakati ujao, yaani hadithi kadhaa za namna mambo yanavyoweza kwenda, zinazotungwa bila kutabiri ipi itatokea. Kampuni ya mafuta ya Shell ilikuza mbinu hii katika miaka ya 1970, na huko Afrika Kusini, mwaka 1991 na 1992, viongozi wa pande zilizokuwa zikipingana waliitumia huko Mont Fleur kufikiria pamoja nchi baada ya ubaguzi wa rangi. Kwa Walikale mandhari tatu zinaweza kutosha: barabara zimefunguka na utawala ni mmoja, mamlaka mbili zinagawana wilaya, mapigano yanahamahama kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa kila moja shirika hueleza kazi gani haitasimama kamwe, ipi itapunguzwa, na kamati gani ya kijiji itashika fedha na uamuzi hadi kiasi gani.

Uhuru wa kusema una mipaka ambayo mwezeshaji hana haki ya kuipuuza. Wahusika wengi wanaishi chini ya makundi yenye silaha, na sentensi iliyosemwa katika ukumbi na kunukuliwa nje inaweza kumgharimu mtu maisha. Kwa sababu hiyo maandishi ya mikutano hayafai kubeba majina, masuala ya makundi yenye silaha hujadiliwa kwa athari zake katika kazi bila kuwataja wakuu wake, na ni vizuri uwezeshaji uongozwe na watu wawili kutoka jamii tofauti, ili asiwepo mshiriki anayejiona kuwa mgeni mbele ya wote wawili. Kanuni ya kutokudhuru, ambayo Mary Anderson aliieneza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mashirika ya misaada, inahusu pia semina zenyewe: mahali zinapofanyika, nani analipwa posho, na nani hakualikwa.

Fedha na muda

Utamaduni wa shirika hufinyangwa pia na wanaolilipa. Mkataba wa miezi 12 humzoesha mtu kufikiri kwa miezi 12, na bajeti inayolipia shughuli bila kulipia mishahara ya kudumu hulifanya shirika likimbilie kila tangazo la mradi, hata lililo mbali na wito wake. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa wa dunia waliahidi, katika makubaliano ya Istanbul, kwamba robo ya fedha za kibinadamu zingefika kwa watendaji wa ndani kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo ifikapo 2020, na lengo hilo halikufikiwa. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje katika wiki zilezile ambazo Goma ilikuwa ikianguka, na mashirika yaliyotegemea mfadhili mmoja yalipata mapigo mawili kwa pamoja.

Funzo kwa upangaji ni kwamba kila shirika lieleze kiini cha kazi yake ambacho linaweza kukiendesha kwa michango ya wanachama, sadaka, akiba na kazi za pamoja, kisha lijenge juu yake kile kinachohitaji mfadhili. Vikundi vya kuweka na kukopa na kamati za maeneo ya afya vinaonyesha kwamba kiini hicho kinawezekana. Mgodi mkubwa wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi Machi 2025 na kuwaondoa wafanyakazi wake, ukarudi baada ya waasi kuondoka. Kamati ya kijiji haina pa kuondokea, na ndiyo sababu inastahili kupewa uamuzi.

Pingamizi mbili

Wapo wanaosema kwamba kupanga miaka mitano katikati ya vita ni kujidanganya. Pingamizi hili lina nguvu dhidi ya mpango wa tarehe na idadi, lakini halina nguvu dhidi ya mpango wa maamuzi, kwa kuwa vita ndivyo vinavyoongeza idadi ya maamuzi ambayo lazima yafanywe haraka na watu wasioweza kuulizana. Wengine husema kwamba kubadilisha utamaduni wa shirika ni kuwaletea watu tabia za kigeni. Barza inajibu kwa sehemu, maana desturi ya baraza ilikuwa ya wenyeji na ilitoa uwezo wa kusikilizana. Desturi hiyohiyo, hata hivyo, iliwaweka pembeni wanawake na vijana, nao ndio wengi kati ya wanaolima mashamba yanayogombaniwa na kati ya wanaoajiriwa na makundi yenye silaha. Mwezeshaji hana mamlaka ya kuamua desturi ipi ibaki, lakini ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wanaolipa gharama ya desturi wapo chumbani inapojadiliwa.

Kipimo cha mpango mzuri katika wilaya hizi mbili kinaweza basi kuelezwa kwa masharti manne. Mjumbe wa kamati ya Pinga au Ngungu aweze kueleza, kwa lugha yake, shirika linataka nini na yeye ana ruhusa ya kuamua nini. Orodha ya waajiriwa na ya vijiji iweze kusomwa hadharani bila jamii yoyote kuona imesahaulika pasipo sababu. Mkurugenzi aweze kuondoka na kazi ikaendelea. Habari mbaya ifike kwa viongozi na kwa mfadhili kabla haijawa maafa. Shirika lenye masharti haya manne na mpango wa kurasa tano limejiandaa vyema kuliko lile lenye kurasa 80 na lisilo na hata moja, na wafadhili, maaskofu na wakurugenzi wa Goma wanaotaka wito wao udumu Masisi na Walikale wana deni la kuyatoa madaraka ya kuamua wakati barabara bado iko wazi.